Nimekula Ndizi za Kaburi Langu

Mama Euphrasia mpendwa, pokea salamu zangu, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, kwa maana Jumamosi ndiyo siku nitakayofukuliwa, na usishtuke, mama, mimi ni mzima kabisa, nakuandikia kwa simu nikiwa ndani ya kabini ya lori hapa Malaba, foleni imekwama tangu asubuhi na mbele yangu ni trela tu mpaka darajani. Tafadhali ufiche majina yetu gazetini, lakini kwako wewe nitayataja, nimechoka kuficha.

Mimi naitwa Levis, Msamia wa Namboboto, mtoto wa pili kwa mama yangu, wa kwanza akiwa kaka yangu Boaz na wa mwisho dada yetu Janet. Baba alikufa tukiwa wadogo, kwa hivyo Boaz ndiye alinilea, yeye ndiye alinifundisha kuogelea, kushona nyavu, kuongea na watu wakubwa, hata kumenya ndizi alinifundisha yeye, kuanzia kwa ile ncha nyeusi badala ya kwa kikonyo, jinsi baba alivyokuwa akimenya, na utaona mbele kwa nini nataja jambo dogo kama hilo.

Tulikuwa tunavua Port Victoria, mimi na yeye na mashua moja. Siku moja tukiwa ndani ya ziwa boti ya doria ya upande wa Uganda ikatufikia, askari wakapekua, wakatoa chini ya mbao zile nyavu zilizokatazwa, zile za matundu madogo zinazobeba mpaka watoto wa samaki, na nyavu zilikuwa za Boaz, mimi hata sikujua kama ziko pale. Askari akauliza hizi ni za nani. Boaz, ndugu yangu wa toka nitoke, aliniangalia machoni, akanyoosha kidole, akasema, "Ni zake, afande, mimi ananilipa nipige kasia tu." Mimi nikanyamaza, mama, unaamini? Nilinyamaza kwa sababu nilidhani ni ujanja, kwamba akiachiliwa atarudi na watu wa kunitoa, ndiyo akili za mtu anayempenda kaka yake. Wakamwachia na mashua yake, mimi wakanibeba, nikafungwa huko zaidi ya miaka mitatu, na Boaz hakurudi.

Mle ndani kulikuwa na Biblia moja tu, na kurasa za nyuma zilikuwa zimechanwa zote watu wakasokotea sigara, kwa hivyo Agano la Kale nimelijua sana lakini Jipya sikulipata hata kidogo. Nilisoma habari za watu waliosalitiwa mpaka nikawa mtaalamu. Nilisoma Yusufu jinsi ndugu zake walivyomuuza, wakachovya kanzu yake kwa damu ya mbuzi wakampelekea baba yao, halafu yeye akaja kuwasamehe, akawapa na chakula juu, nikasema huyu si mtu wa kawaida. Nikasoma Absalomu, jinsi alivyomnyamazia ndugu yake kwa kosa ambalo ndugu huyo alimfanyia dada yao, akanyamaza hivyo hivyo bila neno zuri wala baya, kisha akamwita kwa karamu, na ndugu akiwa amechangamka na divai, akammaliza. Nikasoma Samsoni aliyeangusha nyumba juu ya adui zake na yeye mwenyewe ndani. Na jirani yangu wa chumba, Mteso mmoja, wa kabila la Wateso, akanisimulia hadithi ya wawindaji wawili, mmoja akamwacha mwenzake ndani ya shimo, yule wa shimoni akachimba chini kwa chini kwa kucha zake, miaka, mpaka akatokea chini ya nyumba ya yule rafiki, nyumba ikaporomoka ikamfunika msaliti. Mama, nilipiga makofi! Nilimwomba anisimulie tena na tena.

Kulikuwa na mtu wa kwetu aliyetoka jela kabla yangu, nikamtuma apeleke salamu nyumbani. Akarudi siku ya kutembelea wafungwa, ananiangalia kwa macho ya kuogopa, akasema, "Wewe ni nani hasa? Port Victoria wameniambia Levis alizama, na kaburi lake liko Namboboto." Nikacheka mpaka askari akaja kuuliza kuna nini, halafu nikalia. Hapo ndipo nilipoapa kwamba Boaz atalipa. Nilipotoka sikurudi kwetu. Nilikaa upande wa Uganda, nikaingia kwa malori, leo ni dereva, nimepita Busia, nimepita Malaba, mara nyingi hata sihesabu, na kila nikiona kibao cha kuelekea Funyula, njia ya kwetu, nafunga kioo cha dirisha.

Sasa sikia maajabu. Mwezi uliopita nilikuwa hapa hapa kwa foleni, jua kali, njaa inaniuma, nikaona mwanamke anapita katikati ya malori na karai la ndizi kichwani. Nikamwita, "Dada, leta hizo." Akainua karai mpaka dirishani, nikachukua, nikamlipa, nikaanza kula pale pale, na zilikuwa tamu, mama, sijawahi kula ndizi tamu namna ile. Nikaona yule mwanamke haondoki. Amesimama chini ananitazama mikono.

"Dada, kuna nini? Chenji imepungua?"

"Boss," akasema polepole, "nani alikufundisha kumenya ndizi kwa ncha?"

"Kaka yangu."

"Wa wapi?"

Sijui ni nini kilichonifungua mdomo, mimi ambaye nimekuwa nikisema natoka Bungoma. Nikasema, "Namboboto." Karai likaanguka, ndizi zikatapakaa barabarani, na yule mwanamke akashika kichwa akapiga ukemi, "Wuuwi! Levis! Levis wewe ulikufa! Unakula kaburi lako!" Madereva wakashuka wakidhani nimemgonga mtu. Alikuwa Janet. Nilimwacha akiwa msichana wa shule, sasa ameolewa Amukura, na mimi nimefuga ndevu, hatukujuana mpaka mikono yangu iliponisaliti.

Tulikaa kwa kivuli cha trela, akaniambia yote. Kwamba Boaz alirudi kutoka ziwani na shati langu limelowa maji, akasema mashua ilipinduka akaniona nikizama. Kwamba walingoja maji yaniteme, sikutemwa. Kwetu mtu asipopatikana tunazika mgomba badala yake ili nafsi yake itulie na watu wa nyumbani nao watulie, wewe ni mtu wa huku unajua. Boaz akasema mgomba wa ndugu yangu naleta mimi. Akaenda peke yake kwa shamba la chini kabla ya jua na jembe na panga, akarudi nao ameshaufunga kwa shuka na kamba, hakutaka mtu auguse, na waliobeba walilalamika ni mzito kama mtu kweli, mpaka mama akaanza kulia upya. Boaz akashuka mwenyewe shimoni, akaulaza. Halafu mvua zikanyesha, na kaburi langu likaota.

Ndiyo, mama. Likaota! Mgomba ukachipua hapo juu ya kaburi, majani yamesimama wima. Wazee wakaja mbio, wakasema hiyo ni ishara mbaya, ing'olewe leo leo. Mama akasema hakuna mkono wa mtu utagusa. Na Boaz, yule yule Boaz, akasimama na panga akawaambia wazee kwamba atakayeingia pale atakutana na yeye. Akauzungushia miiba mbuzi wasile, na kiangazi kikija anabeba maji kutoka mtoni anamwagilia. Ona huo unafiki! Mtu anajua niko hai, anajua niko jela kwa makosa yake, na bado analinda kaburi langu nisitoke. Mgomba ulipozaa hakuna mtu kijijini angekula, nani atakula ndizi ya maiti, ndipo mama akamwambia Janet azibebe akauze mbali, auzie madereva wa Malaba, kwa sababu madereva hawajui.

Janet akampigia Boaz simu pale pale, akaniwekea sikioni. Nasikia tu mtu anapumua. Halafu akasema, "Levis, umekula?" Basi, hakuna kingine. Baada ya yote hayo, umekula! Nikakata simu.

Wazee wamekaa. Wamesema aliyezikwa hawezi kupita lango la boma kama mgeni wa kawaida, kwanza kile kilichozikwa kwa jina lake kifukuliwe, na wa kukifukua ni yule yule aliyekilaza, kisha kondoo achinjwe, ndipo niingie nimwone mama, ambaye siku hizi hatembei vizuri na amekataa kuongea na mimi kwa simu, anasema sauti inaweza kudanganya, yeye anataka kushika uso. Boaz mpaka leo anawaambia wazee kwamba aliniona nikizama kwa macho yake, nami kwetu sijamwambia mtu ukweli.

Sasa hii ndiyo mipango yangu. Jumamosi nitasimama nje ya lango, nitamwacha ashuke shimoni mpaka kiunoni, jembe mkononi, ukoo wote umezunguka, katekista yupo, watoto wake wapo, ndipo nitapaza sauti niseme yote, nyavu, kidole, jela, shati. Najua watakachofanya. Watamfukuza boma, na wengine watamrukia kabla hajatoka shimoni. Dereva mwenzangu Emong ananiambia, "Mlipue, boss, kwanza umechelewa." Katekista wa hapa Malaba ananiambia niwe Yusufu, nisamehe, ninyamaze, nisimwaibishe. Nimebaki katikati. Kwa sababu, mama, nikisema nitamlipua, moyo unapiga vigelegele, halafu nikimeza mate nasikia ule utamu wa ndizi mdomoni, naogopa, sijui naogopa nini. Niwe nani, Yusufu au Absalomu? Nijibu upesi.

Ni mimi, Aliyezikwa, foleni ya Malaba.

Mama Euphrasia anajibu

Levis mwanangu, barua yako nilianza kuisoma nimesimama jikoni, nikatafuta kiti, nikaisoma tena, mboga ikaungua na sikujali. Nakujibu kwa simu leo hii Alhamisi wala si gazetini, kwa maana ukoo wako wakilisoma gazeti kabla ya Jumamosi hakutakuwa na haja ya kuchimba. Nimejibu barua za kila aina katika ukurasa wangu, waume waliohama, mashemeji wachawi, lakini mtu aliyenunua ndizi za kaburi lake akazila na kuzisifu, huyo sijampata kabla yako. Nimeogopa, nisikudanganye. Nimepiga ishara ya msalaba nikiwa na mwiko mkononi.

Ulionewa. Nalisema hili kwanza na nalisema wazi, kwa sababu nahisi hakuna aliyekwambia hivyo, kila mtu amekimbilia kukushauri. Kaka yako alikuuza kwa kidole kimoja. Alikuibia ujana, akamliza mama yenu kwa shati la uongo, na aliendelea kula na kulala huku wewe unahesabiwa asubuhi na jioni kama mbuzi. Anayekwambia sahau, huyo hajawahi kufungiwa hata chooni.

Sasa kaa sawa nikukemee. Ulitoka jela lini? Umeendesha lori kupita Busia mara ngapi, ukifunga kioo? Kutoka hapo mpaka Namboboto boda boda angekufikisha kabla chai haijapoa. Mama yako hakunyoosha kidole, mama yako hakuficha nyavu, na bado ulimwacha akae na kaburi lako mlangoni ilhali wewe unapiga honi Malaba. Unasema unangoja Jumamosi ulipize kisasi? Wewe ulianza kulipiza zamani, na wa kwanza kupigwa alikuwa yeye. Kwa hili utamwomba radhi ukiwa umepiga magoti, na wala usimtaje Boaz ndani ya sentensi hiyo.

Haya, tuje kwa hizo hadithi zako, kwa sababu umejiita mtaalamu na mtaalamu umesoma nusu kitabu. Nimecheka niliposikia kwamba kurasa za nyuma zilivutwa sigara. Habari yote ya kusamehe ilikwenda moshi, ukabaki na mapanga! Lakini hata hilo Agano la Kale hukulisoma vizuri, wala huyo katekista wako hakulisoma vizuri, mwambie nimesema.

Absalomu unampenda, naona. Hebu mtazame tena. Alinyamaza muda mrefu, kama wewe. Akangoja karamu, kama wewe. Akataka watu wengi wawepo, kama wewe. Akampata ndugu yake mahali ambapo hawezi kukimbia, na shimo hadi kiunoni naona umelichagua kwa akili hiyo hiyo. Je, baada ya karamu ile alipata nini? Alikimbia kwao, na hata aliporudi hakukaa vizuri na baba yake tena, mpaka akafa vibaya, na yule baba alilia kilio ambacho kila mzazi akikisikia kanisani anatazama chini. Samsoni wako naye aliangusha nyumba na akalala chini yake. Na hiyo ya wawindaji naijua, mimi ni Mteso wa Amukura niliyeolewa kwa hao hao Wasamia wenu, nyanya yangu alitusimulia jioni nyingi. Jirani yako wa jela alikukatia mwisho. Yule wa shimoni alipoangusha nyumba, alisikia kwanza furaha, halafu akasikia watoto. Nyanya alikuwa akifika hapo ananyamaza, na sisi hatukupiga makofi.

Lakini Yusufu! Hapo ndipo watu wanamfanya mpole kuliko alivyokuwa. Katekista anakwambia Yusufu alisamehe akanyamaza. Alinyamaza wapi? Yusufu aliwatesa wale ndugu zake kidogo, mwanangu. Aliwaita wapelelezi, akamfunga mmoja, akaficha kikombe ndani ya gunia la mdogo wao. Hakuwa anacheza. Alikuwa anatafuta kujua kama ndani ya wale watu kuna kitu kimebadilika. Na kilichomvunja ni Yuda, yule yule aliyetoa wazo la kumuuza, aliposimama akasema nishike mimi, mwachie mtoto arudi kwa baba. Hapo Yusufu hakuweza tena. Na sasa sikiliza jambo ambalo mimi nimelisoma tangu usichana na bado linanisimamisha nywele: kabla hajasema yeye ni nani, alifukuza watu wote chumbani. Wote! Walinzi, wakalimani, watumishi. Alilia mpaka waliokuwa nje wakasikia sauti, lakini maneno hawakuyasikia. Mtu mwenye nguvu ya kuwaaibisha mbele ya Misri nzima, akafunga mlango kwanza.

Hapo ndipo tofauti ilipo, Levis. Wote wawili, Yusufu na Absalomu, walisema ukweli kuhusu kosa. Mmoja aliusema mbele ya meza iliyojaa, na mwingine aliusema mlango ukiwa umefungwa.

Sasa nakuuliza swali, na ujibu kama mtoto wa mkulima. Mgomba wa kuzika hukatwa kwa kitu gani? Kwa panga. Unapiga mara moja juu ya ardhi, shina linaanguka, unabeba, ni jepesi, ni maji matupu. Kila mtoto wa Funyula anajua hilo, na kila mtoto anajua ya kwamba mizizi haizikwi, lile tunguu la chini halikaribii kaburi, kwa sababu likiingia udongoni litaota, na kaburi linaloota linasema mtu wake hajafa. Wazee wenu walikimbia kuja kuling'oa kwa sababu hiyo hasa. Haya, rudi kwa barua yako mwenyewe. Janet amekwambia Boaz alikwenda shambani na jembe na panga. Jembe lilikuwa la nini? Kwa nini alikwenda peke yake, akafunga shuka mwenyewe, akakataa mtu yeyote auguse? Kwa nini waliobeba walilalamika uzito? Kwa nini alishuka shimoni mwenyewe?

Nilipofika hapo, Levis, ndipo nilipotafuta kiti. Mimi naona mtu aliyesema uongo kwa mdomo, akashindwa kuusema kwa mikono. Hakuwa na ujasiri wa kuwaambia ndugu yangu yuko hai, basi akachimba mgomba na mizizi yake, akauzika mzima mbele ya ukoo wote ili ardhi iseme kile yeye hawezi. Halafu ardhi ikasema! Na wazee walipotaka kuinyamazisha, akasimama na panga. Wewe umeandika kwamba alilinda kaburi ili usitoke. Mwanangu, mtu anayetaka ukae kaburini anang'oa mgomba ule siku ya kwanza, tena kwa baraka za wazee. Yeye alibeba maji.

Sikuapii. Naweza kuwa mama mzee anayependa kuona mema, na labda kijana alichanganyikiwa tu na majonzi ya uongo wake mwenyewe akakosea. Hata kama nimesema kweli, hilo halilipi hata siku moja ya jela yako. Mwoga ni mwoga, na woga wake ulikugharimu. Lakini Yusufu alitafuta alama akaipata ndani ya maneno ya Yuda, na mimi nakwambia alama yako umeila, ukasema ni tamu.

Basi fanya hivi. Acha lori Malaba, mwambie mwenye gari umefiwa, na kusema kweli hujadanganya sana. Kesho Ijumaa, jua likiwa bado juu, mpigie Boaz, mwambie mkutane barabarani, nje ya boma, wewe na yeye tu. Emong asije, Janet asije. Ukimwona utatetemeka, tetemeka. Ukitaka kumpiga, weka mikono mfukoni. Usianze na nyavu wala kidole, hayo anayajua. Mwulize neno moja tu, kwa nini uliacha mizizi. Kisha nyamaza, wewe si umezoea kunyamaza? Nyamaza sasa mahali panapofaa.

Akilia na kukiri, mwambie kwamba kusamehewa na wewe ni kazi moja, na kumwambia mama ni kazi yake nyingine, na ataifanya kwa mdomo wake mwenyewe, nyumbani kwa mama, kabla jembe halijagusa udongo. Si wewe wa kumsemea. Wazee nao atawaambia yeye, na faini ya wazee atailipa yeye. Kusamehe si kuzika tena, mmezika vya kutosha hapo kwenu. Na akikana, akakutazama machoni tena kama siku ile ya ziwani, basi ngoja ufanyiwe utakaso, uingie, umshike mama uso, halafu umwambie yeye peke yake, mlango umefungwa, na baada ya hapo Boaz ni mzigo wa wazee. Lakini shimoni, hapana. Mtu akiwa shimoni na jembe, mbele ya watoto wake, huyo hapigwi hata kwa neno. Ukifanya hivyo usiniandikie tena.

Mgomba wenyewe utang'olewa, mila ni mila. Kabla haujatupwa, kata chipukizi moja ukapande mbali na makaburi, karibu na mlango wa mama, uzae ndizi ambazo hata jirani atakula bila kuuliza.

Na jambo la mwisho. Mila inasema aliyezika ndiye afukue, na wazee wana haki. Ila mimi nimeishi kwa Wasamia mpaka nimezeeka, na sijasikia mila yoyote inayomkataza aliyezikwa kushika jembe la pili.

Mama Euphrasia

*Barua hii na jibu lake nimezichapa leo, Jumamosi ile ikiwa imepita. Janet amepita ofisini akaniachia chane ya ndizi, nimemenya moja kwa ncha. Boaz alichojibu kuhusu mizizi ni chao wawili, sikukiuliza. Majina nilikuwa nimeshayafuta yote kama Levis alivyoomba, lakini ndugu hao wakanipigia simu, wote wawili kwa simu moja, wakasema niyarudishe. Boaz ndiye aliyekataa jina lake lifichwe.*